Joka Lililozibuliwa

Ilikuwa Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi. Manyunyu yalikuwa yakianguka bila haraka, yale ambayo hayamshawishi mtu kuchukua mwavuli lakini humfikisha aendako akiwa chapachapa. Katika maktaba ya mji, Mkutubi alikuwa ameketi kwenye meza ya kuazimishia vitabu, na mbele yake alisimama mtoto wa kike aliyevaa koti la mvua la manjano. Mtoto huyo alikuwa akidai kitabu kingine kuhusu koki.

Mkutubi alimwuliza koki gani. Mtoto akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe, akajibu kwamba anazungumzia koki kuu.

Wenzake walimwita Hakimu, kwa kuwa ndiye aliyekata mashauri yote ya uwanja wa shule, na hukumu zake hazikuwa na rufaa. Mkutubi alimheshimu. Kabla ya mwaka ule chumba cha watoto kilikuwa mahali pa kuwekea ndoo na mafagio, na mtoto aliyeingia humo alikuwa amekimbia mvua au amekimbia mwalimu. Kisha vikaja vitabu saba vya Binti wa Ngazi, na mji mzima ukaingiwa na kichaa cha kusoma.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya msichana anayepanda ngazi za mnara usio na kilele. Kila ngazi ni nchi, na kila nchi inatawaliwa na Mfalme Ukungu. Watoto walisoma wakitembea, wakagonga nguzo za taa, wakaziomba radhi, wakaendelea. Walisoma kwenye kiti cha kinyozi, na kinyozi akatundika ukutani tangazo kwamba hatawajibika kwa sikio la mtu yeyote atakayegeuza ukurasa bila kumwarifu. Mama mmoja alikuja maktaba kulalamika kwamba mwanawe anasoma hata anapokula, naye alipoonyeshwa kitabu alikaa kukikagua na hakuondoka hadi saa ya kufunga.

Mkutubi mwenyewe alikuwa amevisoma vitabu vyote saba, viwili kati yake mara mbili, kwa kisingizio cha kuvikagua. Hakukumbuka kuona koki mahali popote. Akamwomba Hakimu amwonyeshe.

Hakimu akatoa kitabu cha tatu ndani ya koti lake na kukifungua bila kutafuta. Ukurasa wa kushoto ulikuwa kama Mkutubi alivyoujua. Binti ameshuka hadi chini kabisa ya jumba la mfalme, mahali ambapo Joka limelala. Moyo unamdunda. Anasukuma mlango wa chuma, anainua taa yake, na hapo akaona

Na ukurasa wa kulia uliendelea hivi: *maji machafu yamejaa hadi ukingoni. Fundi asiguse kitu chochote kabla ya kuhakikisha kwamba koki kuu imefungwa. Asipofanya hivyo, Idara haitahusika na hasara yoyote itakayotokea.*

Mkutubi akasoma mstari huo tena. Kisha akageuza kurasa. Mambo ya mabomba yaliendelea kwa utulivu mkubwa, pamoja na michoro miwili na jedwali la ukubwa wa spana, mpaka mahali ambapo fundi anaagizwa avute waya wa kuzibulia taratibu, kisha

Kisha, ukurasa uliofuata, *Joka likatoweka gizani, wala halikuonekana tena katika nchi ile.*

Hakimu alieleza kwamba hiyo ndiyo sura bora kuliko zote. Katika vitabu vingine vya hadithi, alisema, shujaa hulishinda joka kwa upanga au kwa kulia, na mtu wa kawaida hana upanga. Binti alilizibua. Alitumia spana ambayo hata nyumbani kwao Hakimu ilikuwepo, chini ya sinki. Jambo moja tu lilikuwa likiwasumbua watoto darasani, nalo ni Idara. Walikuwa wamejadiliana na kukubaliana kwamba Idara ndiyo nguvu iliyo nyuma ya Mfalme Ukungu.

"Mfalme Ukungu anatisha," Hakimu alisema, "lakini ukimkuta unaweza kuongea naye. Idara haihusiki. Ukiililia, haihusiki. Hapo ndipo watoto wadogo huanza kuogopa."

Mkutubi akamwazima kitabu cha ujenzi wa matangi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, akabaki ameshika tama. Alijua vizuri kosa hilo limetoka wapi. Lilikuwa limetoka kwa baba yake.

Baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na watu walimwita Sindano. Meza yake ilikuwa katika chumba cha nyuma cha maktaba, dirishani, pamoja na kibanio cha mbao, ubao wa kukatia na makopo ya uzi. Vitabu vya Binti vilikuwa vimesomwa mpaka vikachakaa, majani yakining'inia kama utumbo, na Mkutubi alikuwa amempelekea nakala zote azishone upya. Wiki hiyohiyo Idara ya Maji ilikuwa imeleta miongozo yake ya mafundi bomba ishonwe pia. Vitabu hivyo viwili vilikuwa na kimo kimoja na upana mmoja.

Sindano hakusoma vitabu alivyovifunga. Hilo lilikuwa sharti lake la kazi tangu ujana, kwa maelezo kwamba mtu akisoma huku anashona, atajishona. Aliifumua kila nakala ikawa mafungu madogo ya kurasa, akapanga mafungu ya kwanza pamoja, ya pili pamoja, na kuendelea, akifuata tarakimu ndogo iliyochapwa chini ya kila fungu. Mahali fulani rundo la fungu la sita la kitabu cha tatu, lenye Joka, lilibadilishana nafasi na rundo la fungu la sita la mabomba. Kuanzia hapo aliendelea kushona kwa uangalifu wake wa siku zote, nakala baada ya nakala, kosa lilelile, mshono safi kabisa.

Jambo hilo lingekuwa la kuchekesha kama si habari ya Mkurugenzi. Mkurugenzi wa huduma za mji alikuwa ameshasema kwamba kazi ya kujalidi itapelekwa karakana yenye mashine mara tu litakapopatikana kosa la kumwondolea mzee yule heshima. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa mtu wa kupenda mashine. Lakini Mkutubi alijua kwamba tangu mama yake afariki, meza ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha baba yake asubuhi. Siku za mapumziko, alipokosa mahali pa kwenda, mzee alikaa kitandani na viatu mguuni akingoja ziishe.

Kwa hiyo Mkutubi akapiga moyo konde na kuamua kuvirudisha vitabu kimya kimya. Akabandika tangazo kwamba nakala zote za kitabu cha tatu zirejeshwe kwa ajili ya kufukuzwa wadudu. Hakuna mtoto aliyerejesha. Mmoja alituma ujumbe kupitia kwa dada yake kwamba nakala yake haina wadudu na kwamba ameshawaangalia kwa kurunzi.

Wakati huohuo sura ile ilikuwa ikitenda kazi mjini. Watoto waliacha kufungua mlango wowote wa chini, wa stoo au wa kabati kabla ya kwenda kufunga koki kuu ya nyumba. Akina baba walikatikiwa maji wakiwa na povu kichwani. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikuta jengo lote limekauka kwa sababu darasa la nne lilitaka kutoa mipira kwenye kabati la michezo. Uvumi ukaenea kwamba kuna upungufu wa maji, watu wakaanza kujaza ndoo alfajiri, na kwa kuwa wote walijaza kwa wakati mmoja, upungufu ukapatikana kweli.

Na watoto walizidi kusoma. Rafu ya mabomba iliisha. Wakahamia kwenye nyaya za umeme, kutoka hapo wakaingia kwenye kanuni za majengo, na Jumatano ya wiki ya tatu, mchana, Mkutubi alimkuta mtoto wa miaka minane akilia machozi ya kweli juu ya sheria ndogo ya mifereji, kwa sababu kifungu kimoja kilikuwa kimefutwa.

Jumatano hiyohiyo, kabla ya kufunga, aliingia mwanamume mpana mwenye buti za mpira. Alijipangusa miguu kwenye zulia la mlangoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaangalia kushoto na kulia, akasogea mezani. Alikuwa msimamizi wa mafundi bomba wa Idara ya Maji, na kila mtu alimwita Koki. Akamwomba Mkutubi, kwa sauti ya mtu anayenunua dawa ya aibu, ampatie mwanzo wake.

"Mwanzo wa nini?" Mkutubi aliuliza, ingawa alishajua.

Koki akaweka mezani mwongozo wa mafundi, wenye jalada jipya la kijani na mhuri wa Idara. Akaufungua mahali penye alama ya kidole cha grisi. Palikuwa na maelezo ya kukagua bomba kuu la majitaka. Fundi ainue mfuniko, amulike ndani kwa tochi, na iwapo ataona

*macho mawili mekundu, makubwa kama sahani, yakimtazama kutoka gizani.*

Koki alisema kwamba mara ya kwanza walicheka mpaka mbavu zikauma. Mara ya pili hawakucheka sana. Kuanzia hapo hakuna fundi aliyekubali kushuka peke yake, na hakuna aliyeshuka kabla wenzake hawajamwuliza yale maswali matatu ambayo Joka humwuliza Binti, naye akayajibu vizuri.

Mkutubi alimwuliza kama kweli wanaamini kuna joka kwenye bomba la majitaka.

"Hatuamini," Koki alijibu. "Lakini mwongozo una mhuri."

Akaongeza kwamba kijana wao mmoja ambaye hajawahi kusoma hata tangazo la mshahara sasa anajua kurasa zile kwa moyo. Tatizo lilikuwa kwamba habari inaanzia katikati na kuishia katikati. Yule msichana ametoka wapi? Anatafuta nini? Amelibusu Joka kwenye pua, kisha mara fundi akaze nati zote na kunawa mikono kwa sabuni. Nani akaze nati? Hiyo nayo ni njia ya kumwacha mtu? Wanaume wazima wanashindwa kulala.

Mkutubi akampa kitabu cha kwanza. Koki akakiingiza ndani ya shati, akafunga vifungo mpaka shingoni, akatoka.

Alhamisi asubuhi Mkurugenzi aliingia mwenyewe, uso ukimeremeta. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mazoea ya kuanza kila sentensi kwa neno kimsingi. Kimsingi, alisema, alikuwa amekuja kutoa pongezi. Alikuwa amepata habari kwamba watoto wa mji huu wanasoma sheria ndogo za mifereji kwa hiari yao, jambo ambalo hata madiwani hawajaliweza, na alikuwa ameshaandika taarifa ndefu kwa wakubwa wake akieleza kwamba ni matokeo ya sera yake. Taarifa ilipokelewa vizuri mno. Sasa wakubwa walitaka kila shule ipewe kitabu hicho cha tatu chenye ile sura ya miundombinu.

Hapo ndipo kikwazo kilipojitokeza. Nakala mpya za shule zilikuwa zimeshafika ghalani, na kimsingi zilikuwa mbovu. Alizikagua mwenyewe. Sura ya koki haikuwemo, na mahali pake mchapishaji alikuwa ameweka maongezi yasiyo na kichwa wala miguu kati ya msichana na mnyama. Kwa hiyo aliagiza Mzee Sindano azifumue zote na kuzirekebisha zifanane na zile za maktaba. Habari ya karakana ya mashine isahauliwe. Mzee angebaki na meza yake mpaka mwisho wa umri wake, na Ijumaa, kwenye saa ya kusoma ya watoto, Mkurugenzi angekuja kulitangaza jambo hilo hadharani.

Mkutubi akasema ataongea na mzee.

Alikwenda chumba cha nyuma mchana ule. Baba yake alikuwa akitia nta kwenye uzi, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Alimweleza yote kuanzia mwanzo, akiwa amesimama, kwa maneno machache.  Mkutubi alipomaliza, mzee alinyoosha mkono, akapokea nakala, akaikunjua mgongo na kutazama uzi kwanza.

"Mshono mzuri," alisema.

Kisha akatazama tarakimu za chini, moja baada ya nyingine, mpaka akafika ya sita. Akageuza upande huu, akageuza upande ule. Akakifunga kitabu na kukiweka mezani kwa upole, kama kitu kinachoweza kuumia.

Mkutubi aliharakisha kumwambia kwamba hakuna aliyeumia. Watoto wamefurahi, Mkurugenzi amefurahi, hata mafundi bomba wamefurahi kwa namna yao. Linalotakiwa ni kufanya tena kile alichokwisha kufanya, kwa nakala nyingine chache, na meza itakuwa yake mpaka atakapoichoka mwenyewe. Alimsihi. Alimwita Baba kila baada ya maneno matatu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipokuwa msichana anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza.

"Kukosea nimekosea, mwanangu," mzee alisema. "Kukosea kwa kuagizwa sijawahi."

Akamwuliza Mkurugenzi anakuja saa ngapi. Mkutubi akamjibu, akitumaini kwamba usiku utambadilisha.

Ijumaa saa tisa chumba cha watoto kilifurika. Watoto walikaa sakafuni, Hakimu mbele yao, spana imelazwa magotini mwake. Nyuma, kando ya ukuta, walisimama mafundi bomba wakiwa wamechana nywele. Koki alieleza kwamba wamepita tu, ingawa kila mmoja alikuwa na kitabu cha kwanza au cha pili kwapani. Mkurugenzi alipewa kiti cha pekee chenye mikono. Akaanza hotuba yake kwa neno kimsingi, na kabla hajafika la pili, mlango wa nyuma ukafunguka, Sindano akaingia, amevaa aproni yake ya kazi.

Mzee akawaomba radhi waliokuwepo kwa kuwakatiza. Alisema kwamba yeye ndiye aliyefunga vitabu vile, kwamba fungu la sita halikuwa la kitabu chao, kwamba ile sura ya koki ilitoka kwenye mwongozo wa Idara ya Maji, na kwamba yeyote atakayemletea nakala yake leo atarudishiwa ikiwa imeshonwa sawasawa. Alisema yote hayo akiwa amesimama wima kabisa.

 Kisha Hakimu akasimama, naye akataka kumwuliza shahidi maswali.

"Babu, wewe umekisoma kitabu hiki?"

"Sijakisoma."

"Hata ukurasa mmoja?"

"Mimi sisomi ninavyovifunga."

"Sasa umejuaje kwamba kina kosa?"

Watoto wakaguna kwa kuridhika. Mzee akawaonyesha tarakimu za chini, akawaonyesha uzi, akawaonyesha wino wa fungu la sita uliokuwa mweusi zaidi kuliko wa mafungu jirani. Hakimu akakagua kila kitu kwa haki. Kisha akaomba nakala mpya ya shule, ambayo Mkurugenzi alikuwa amekuja nayo ili kuonyesha ubovu wake, akawasomea wenzake sura yenyewe, ile ya mtunzi, kwa sauti ya wazi. Joka lilifumbua macho yake mekundu. Joka liliuliza swali la kwanza. Nyuma kando ya ukuta fundi bomba mmoja alisikika akijibu kwa mnong'ono, kabla ya Binti.

Watoto hawakupendezwa. Mmoja aliuliza joka gani linauliza maswali, hilo si joka, hilo ni mwalimu. Mwingine alitaka kujua maji yamekwenda wapi. Wa tatu alisema kwamba hata Idara haikutajwa, na bila Idara hakuna hatari. Hakimu alishauriana na wenzake kwa minong'ono, akatoa uamuzi kwamba nakala za shule zimeghushiwa, na kwamba Babu ni mtu mzuri lakini hakukitunga kitabu, na kwa hiyo hawezi kuwa amekikosea.

Sindano akarudi kuzitazama tarakimu za chini. Katika maisha yake alikuwa ameshatuhumiwa makosa ambayo hakuyafanya. Kunyang'anywa kosa lake mwenyewe kulikuwa jambo geni.

Mkurugenzi akainuka, akitabasamu kwa upole. Kimsingi, alisema, jambo hili halikuhitaji kuwa gumu. Mzee wetu ametumikia vitabu kwa muda mrefu, na muda mrefu huchosha kichwa. Hakuna ubaya. Atafunga kama atakavyoelekezwa, binti yake atamwangalia, na meza itabaki yake. Akamgeukia Mkutubi. Yeye ndiye mtaalamu mahali hapa, alisema, amesomea kazi yake, na neno lake litatosha kumaliza ubishi mbele ya watoto hawa.

"Mkutubi, kitabu hiki kina kosa au hakina?"

Mkutubi aliona vizuri sana alichowekewa mbele. Akisema hakina, baba yake ataamka kila asubuhi na kuja kwenye dirisha lake, kwenye uzi wake na kibanio chake, mpaka siku zake ziishe. Atakuja akiwa mzee ambaye kichwa kimemruka, anayepewa sindano kama mtoto anavyopewa kijiko cha kuchezea. Akisema kina, atakuwa amemtaja baba yake mzazi kwa kosa hadharani, na meza itakwenda.

Akamtazama baba yake. Mzee hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama sakafu kwa makini, kama mtu anayesubiri matokeo ya daktari na hataki kumharakisha.

"Kina kosa," Mkutubi alisema. "Baba alikosea. Alilitia fungu la sita la Idara mahali pa fungu la sita la hadithi, na alizifunga nakala zote hivyo, hakuacha hata moja. Hajachanganyikiwa. Alikosea."

Sindano akainua kichwa, akakitikisa polepole kukubali, mabega yameshuka kwa raha. Ungedhani amesifiwa.

Mkurugenzi akatoa tabasamu lake na kuliweka kando. Akasema kwamba, ikiwa ni hivyo, ushahidi aliokuwa akiungoja kwa muda umepatikana kwa kinywa cha mkutubi mwenyewe. Kazi ya kujalidi itahamia karakana ya mashine kuanzia Jumatatu, na chumba cha nyuma kirudishwe kwa matumizi ya ofisi.  Akachukua kofia yake.

Hapo Koki akakohoa. Alisogea mbele akiziweka buti zake kwa uangalifu kati ya magoti ya watoto, akasimama mbele ya mzee.

"Mzee, nataka kuelewa vizuri. Ni wewe ndiye uliyetutilia joka kwenye mwongozo?"

"Ni mimi."

"Na mwongozo wetu halisi, na habari ya yule msichana nzima, unaweza kuvitenganisha? Kila kimoja kiwe chenyewe, mwanzo hadi mwisho?"

Mzee alisema anaweza, lakini hana meza.

Koki akawatazama wenzake ukutani, wenzake wakatazama dari, ambayo ndiyo iliyokuwa namna yao ya kukubali. Alisema kwamba Idara ya Maji haimo chini ya Mkurugenzi wa huduma, ina mkuu wake na fungu lake la fedha, na kwamba kwenye bohari la mabomba kuna chumba kitupu kando ya pampu. Kina harufu ya oili, hamfichi. Pampu nayo hunguruma mchana kutwa. Lakini watu wake wamefika kitabu cha pili, na hawezi kuwashusha chini ya ardhi huku roho ziko juu namna ile.

Mzee akauliza dirisha la chumba hicho linatazama wapi.

Koki akasema mashariki.

Mzee akasema angependa kwanza kuliona.

Wiki iliyofuata mambo yalikuwa hivi. Mkurugenzi alipeleka nakala za shule kwenye karakana ya mashine na kuagiza zitiwe sura ya koki. Karakana ikamjibu kwamba mashine yao haiwezi kukosea kwa namna hiyo, naye akawaandikia wakubwa wake kwamba sura ya miundombinu imesogezwa hadi kitabu cha nne. Hakimu alikataa kurudisha nakala yake, akamwandikia mtunzi barua ya adabu kumwarifu kwamba vitabu vyake vinaghushiwa, kisha akaazima mwongozo wa lifti. Mama aliyekuja kulalamika alimaliza kitabu cha saba, akaanza tena cha kwanza. Koki alifika kitabu cha tano na kutoa amri kwamba fundi atakayesimulia mwisho atapelekwa zamu ya mitaro. Mafundi wake walirudishiwa mwongozo uliofungwa sawasawa, wakausoma, wakaendelea kuulizana maswali matatu kabla ya kushuka. Sindano alihamishia kibanio chake bohari, akalalamika juu ya pampu asubuhi, akaisahau adhuhuri. Mkutubi alihamishia rafu ya mabomba kwenye chumba cha watoto, akaondoa tangazo la wadudu, akafunga maktaba saa kumi na moja, akaenda bohari kumsaidia baba yake kupanga mafungu ya sita.